Majani ya Msiba Hayarudi Nyumbani

Mkono wa Sajini Piusi bado uko kwenye majani, ndugu msomaji, pale pale tulipouacha Jumamosi iliyopita. Wiki nzima mmenisumbua njiani mkiniuliza kama atayang'oa au hatayang'oa. Haya, kaeni vizuri.

"Yatoke," alisema Sajini.

"Hayatoki!" alijibu Mzee Matano kutoka nyuma ya lori.

Kwa aliyekuwa safarini wiki jana, mambo yako hivi. Lori la Mzee Matano, mwenye duka pale Karatu, linateremka kutoka Ngorongoro likiwa na maiti. Marehemu ni Mwanamisi, dada yake Matano wa tumbo moja, aliyekuwa akiuza chai na maandazi kule juu mpaka baridi ikamwingia kifuani. Ameshaoshwa, ameshavikwa sanda, kaburi limechimbwa Karatu, na watu wanamngoja wamzike kabla jua halijazama. Anayeendesha ni Seif. Kando yake ameketi mkewe, Zuena, na Zuena ndiye mtoto pekee wa marehemu.

Mbele ya lori yamefungwa matawi mabichi ya mzeituni mwitu, kama desturi ya barabara hii inavyotaka. Gari lenye matawi ni gari la msiba. Mwenye baiskeli hushuka, mwenye kofia huvua, mwenye mzigo kichwani huutua, na wote huinamisha vichwa mpaka marehemu apite. Muislamu, Mkristo, Mmasai na ng'ombe wake, hapo hakuna tofauti.

Tatizo ni kwamba matawi yamefunika kibao cha namba.

Zamani lingekuwa jambo la kucheka. Dereva alipaka namba tope, akikamatwa alilipa faini, akaenda zake akipiga mluzi. Lakini tangu mtoto Felisiani wa Endabash agongwe na lori ambalo hakuna aliyeisoma namba yake, kicheko kimekwisha. Amri mpya imesomwa barazani. Atakayeficha namba, kwa tope, kwa gunia, kwa chochote kile, atafungwa miezi sita, leseni hataiona tena, na gari litalala kituoni mpaka kesi iishe. Kizuizi kimewekwa hapa hapa, njia panda ya kwenda Baray na Endabash, mahali mtoto alipoangukia.

"Mzee Matano, nakuheshimu," alisema Sajini. "Lakini sheria ni msumeno. Haikuandikwa kwamba wenye msiba wasamehewe."

"Namba ya nyuma si unaiona?"

"Amri inataka mbele na nyuma."

"Piusi! Nimekuuzia sukari tangu hujavaa hizo sare! Kuyang'oa majani ya msiba kabla ya kufika makaburini ni uchuro, hata ninyi Wairaqw mnajua. Unataka nani mwingine afe?"

Sajini hakuwa mtu mbaya, msimchukie. Siku ya mazishi ya Felisiani alikuwa miongoni mwa waliolibeba lile jeneza dogo, akamwahidi mama wa mtoto kwamba namba haitafichwa tena kwenye barabara hii maadamu yeye yupo. Tangu siku hiyo hana utani na namba.

"Basi lori lilale hapa," alisema. "Dereva, shuka."

Zuena aliyasikia maneno hayo kutoka kiti cha mbele. Lori lilale hapa! Na mama je? Abaki njia panda kama gunia la ngano lililokosa mwenyewe? Mama aliyemlea peke yake kwa moshi wa maandazi, leo akose hata kuzikwa kwa wakati? Zuena alifungua mlango akashuka.

"Sajini, baba, niachie mimi. Huyu ni mama yangu. Kama ni lazima yatoke, yatolewe na mkono wa mtoto wake."

Sajini alimtazama, kisha akarudi nyuma kidogo kumpisha.

"Zuena! Usiguse!" Mzee Matano alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Na hapo Seif naye akachomoza kichwa dirishani. Alisema kwa sauti ya chini ambayo ni mkewe tu aliyeisikia, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Mama Mwajabu, toa ya juu. Ya chini yaache."

Ya chini?

Asubuhi ile, kule Ngorongoro, Zuena ndiye aliyeyakata matawi, panga mkononi na machozi usoni. Alipotaka kuyafunga, Seif aliyachukua. "Wewe umefiwa, kaa na wenzio," alimwambia. "Kufunga nitafunga mimi." Zuena aliona ni huruma ya mume kwa mkewe. Alimshukuru hata.

Sasa alifungua kamba, akayatoa mabichi. Chini yake vidole vikagusa kitu kikavu.

Kilikuwa ni kifungu cha matawi ya mzeituni vilevile, lakini yamekauka mpaka yamekuwa rangi ya tumbaku. Yamesukwa kwa waya, na waya una kulabu mbili za kukitundikia. Upana wake ulikuwa sawasawa na kibao cha namba.

Kuna jambo moja kuhusu majani ya msiba ambalo hata mtoto wa Karatu analijua. Majani ya msiba hayarudi nyumbani. Hufunguliwa makaburini, yakaachwa juu ya udongo mbichi, yakaozea huko pamoja na kilio chake. Dereva anayerudi nayo amerudi na kifo garini. Kwa hiyo hakuna gari lenye majani makavu ya msiba, wala halipaswi kuwapo. Na haya hapa, mikononi mwake, kwenye lori la mumewe.

Upesi upesi, bila kujua anamficha nani, aliyakumbatia yote, mabichi na makavu, akayafunika kwa upande wa kanga.

Namba ikabaki wazi. Sajini Piusi aliisoma polepole, midomo ikicheza. Akalitazama jeneza kule nyuma, akamtazama Zuena aliyejikunyata na mzigo wake. Kisha, nani angetegemea, akavua kofia.

"Pole, dada. Nendeni mkazike. Mkitaka kuyafunga tena, yafungeni juu ya boneti, namba ionekane. Mimi nimeiona, na wakubwa nitawaambia nimeiona."

Waombolezaji nyuma ya lori wakapumua. Mzee Matano akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Umepumua na wewe, msomaji? Usipumue sana.

Zuena alipanda, majani mapajani. Hakumtazama mumewe.

"Nani alikufa?" aliuliza.

"Mama Mwajabu, si wakati wake huu."

"Majani haya makavu ni ya msiba wa nani? Mimi napika kwenye kila msiba wa mji huu. Kila maiti aliyepanda lori hili namjua kwa jina, na kila mmoja majani yake yalibaki kwake. Haya ni ya nani?"

Seif aliushika usukani kwa mikono miwili, ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Si ya mtu," alisema mwishowe. "Ni ngozi. Ngozi za chui, kutoka kule juu. Getini kwa watu wa hifadhi hawapekui gari la msiba. Wanavua kofia tu. Leo nilikitundika hicho kifungu kwa ajili ya ule waya, mabichi yalikuwa hayashiki nami nilikuwa na haraka. Wallahi leo hakuna ngozi humu."

"Ulilivalisha gari msiba na hakuna aliyekufa."

"Ilikuwa ni njia ya kupita tu, Zuena."

"Ulikuwa unakiita! Kila ulipoyafunga ulikuwa unakiita kifo, na hakikuwa na pa kwenda. Kimekuja kwa mama yangu."

"Mama aliumwa kifua, wewe mwenyewe ulikuwapo."

"Kimekuja kwa mama yangu!"

Alilia. Alilia kwa hasira na kwa aibu, kilio kisichofanana na kile cha asubuhi. Yule mtu aliyelala naye kitanda kimoja, anayemjua hata kikohozi chake, kumbe hakumjua. Kikulacho ki nguoni mwako, na Zuena alikuwa amekifua, amekikunja na kukivaa.

Alidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya. Masikini Zuena! Mwisho wenyewe ulikuwa bado, na aliyeuleta alikuwa anavuka barabara taratibu, kitambaa cheusi kichwani, wala hakujua amebeba nini.

Alikuwa Evarista, mama yake Felisiani.

Tangu mwanawe afe, kila gari la msiba linaposimama kwenye kizuizi, Evarista huja kutoa pole. Alisimama dirishani upande wa Zuena, akapitisha mkono, akamshika bega. Kiswahili chake kilikuwa cha shule ya misheni, kila neno limewekwa mahali pake.

"Pole, dada yangu. Mama ni mama."

"Ahsante, Mama Felisiani."

"Nimeona umeyatoa majani kwa mkono wako. Nikasema, ngoja niende nikamwambie asiogope. Uchuro haumwendei mtu anayelia kwa haki." Alisogeza uso karibu. "Na mimi nina neno langu juu ya majani. Sijamwambia mtu. Wewe umefiwa, utanielewa."

Seif aliwasha injini. "Tumechelewa, mama. Maalim anangoja makaburini."

"Zima gari," alisema Zuena.

"Zuena, jua..."

"Zima!"

Injini ikanyamaza. Evarista alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa.

"Siku ile nilikuwa nimesimama hapa hapa. Kichwani nina mzigo wa kuni, na Felisiani nimemshika mkono. Mbuzi wetu alikuwa ng'ambo ya barabara. Lori likaja kutoka juu, lina majani mbele kama hili lenu. Nikasema moyoni, kuna mtu amekufa. Nikamwachia mtoto mkono ili nitue mzigo niinamishe kichwa."

Zuena aliyabana majani chini ya kanga.

"Nilimwachia mkono, dada. Akamkimbilia mbuzi. Mimi nimeinama, natazama miguu yangu mwenyewe. Nilisikia tu."

"Na lori?"

"Lilipunguza mwendo kidogo, kisha likaenda. Namba sikuiona. Mbele ni majani, nyuma turubai limening'inia mpaka chini. Polisi waliponiuliza niliwaambia namba ilifunikwa. Wao wakasema basi ni tope. Sikuwasahihisha."

"Kwa nini hukuwasahihisha?" aliuliza Zuena.

"Ningesema nini? Dereva aliyembeba maiti atasimamaje? Ana mzee wa watu mle ndani, kaburi linangoja, jua linakimbia. Nikasema wao wana msiba wao, na mimi ninao wangu. Tusizidishiane."

Bwana wee! Hata mimi ninayeandika, kalamu ilinilemea hapo. Mama huyu amekaa na siri siku zote hizo ili asiwasumbue wafiwa ambao hawakuwapo. Kwa heshima ya maiti asiyekuwapo alimwachia mwanawe mkono, na kwa heshima hiyo hiyo akamlinda aliyemwua. Na ile adhabu kali inayowatetemesha madereva kutoka Makuyuni mpaka Oldeani imetungwa kwa sababu ya tope ambalo hakuna mtu aliyelipaka.

Evarista aliinama, akamtazama Seif kupitia dirishani. Hakukuwa na ubaya wowote machoni mwake.

"Wewe ni dereva, baba. Mnajuana. Ukikutana na yule aliyembeba maiti siku ile, mwambie nimemsamehe. Nataka kitu kimoja tu kwake, jina la marehemu. Padri atamsomea Felisiani misa. Nataka awaombee wote wawili pamoja, maana waliondoka kwa njia moja."

Seif alifungua mdomo.

"Nilisikia... nilisikia ni bibi mmoja. Wa Oldeani."

"Bibi nani?"

Seif alimgeukia mkewe. Macho yake yalikuwa yanamwomba jina. Jina lolote, la bibi yeyote.

Zuena alilijua hilo analoombwa. Alijua pia kitakachofuata asipolitoa. Lori litashikwa, mume atafungwa, na mama atabaki njia panda ndani ya sanda yake huku jua linazama. Neno moja tu la uongo, na mama yake atalala kaburini kabla ya magharibi. Nani angemlaumu? Marehemu mwenyewe pengine angemwambia, mwanangu, nizike, mengine yatajijua.

Lakini mkono wa Evarista ulikuwa bado begani kwake. Ulikuwa mkono ule ule uliomwachia mtoto.

Zuena alifungua kanga.

"Mama Felisiani, hakukuwa na bibi," alisema. "Hakukuwa na maiti yeyote. Majani uliyoyainamia ni haya."

Akalitoa lile shada kavu, akamwekea mikononi.

Evarista aliligeuza. Akauona waya, akaziona kulabu. Midomo yake ilianza neno la Kiiraqw, ikaliacha.

"Hakukuwa na mtu?"

"Hakukuwa na mtu. Ni ngozi za chui."

"Mimi nilimwachia mkono," alisema Evarista.

Sajini Piusi alikuwa ameshazunguka upande wa dereva. Alikuwa amesikia ya kutosha. Akafungua mlango kwa nguvu.

"Funguo! Shuka!"

Seif alishuka bila ubishi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na kuona mguu umevunjika.

Nyuma ya lori kilio kikapasuka upya. Wengine walimlaani Seif, wengine walimlaani Zuena. Mzee Matano alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye ubao wa lori.

"Zuena! Umemwuza mumeo, na mama yako umemtupa njiani! Nani ataendesha gari hili sasa? Nani?"

Ilikuwa kweli. Katika watu wote waliokuwa pale, hakuna mwingine aliyejua kuendesha. Sajini alisimama na funguo kiganjani, akilitazama jua, akilitazama jeneza.

"Gari la kesi haliondoki," alisema, lakini sauti ilikuwa imeishiwa ukali.

Zuena alipiga magoti barabarani. Hakumwomba Sajini. Alielekeza uso kwenye jeneza. "Mama nisamehe," alisema. "Nisamehe, mama. Sikuweza."

Evarista aliondoka dirishani. Alipita mbele ya Zuena, akaenda nyuma ya lori, akashika ubao, akapanda. Watu wakasogea. Akaketi karibu na jeneza, shada kavu mapajani.

"Sajini," aliita. "Mrudishie funguo."

"Mama Felisiani, huyu ndiye yule..."

"Namjua ni nani. Siku ile hakukuwa na maiti. Leo yupo. Huyu mama hakunigongea mtoto. Azikwe. Nitakaa naye hapa mpaka azikwe, halafu dereva nitarudi naye mimi mwenyewe mpaka kituoni."

Afadhali angempiga Zuena kofi. Wema ule ulimuuma kuliko kofi. Ahsante gani itatosha hapo?

Sajini alimsukumia Seif funguo kifuani, kisha akapanda mbele, akakaa mahali Zuena alipokuwa amekaa. Zuena akazunguka nyuma. Alikuwa ameshaweka mguu juu ya gurudumu apande, aliposikia anaitwa. Ni Seif, kichwa nje ya dirisha, naye safari hii hakunong'ona.

"Zuena! Ngozi zile hazikuwa zangu. Na siku ile sikuwa peke yangu humu mbele. Nilikanyaga breki. Wallahi nilikanyaga, nilitaka kusimama. Muulize mjomba wako ni nani aliyeniambia nisisimame."

Waliokuwa wakilia nyuma ya lori waligeuka kumtazama Mzee Matano.

Zuena aliinua macho. Mzee Matano alikuwa amekwisha kukaa, upande wa kichwani kwa jeneza, uso kwa uso na Evarista, karibu wagusane magoti. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Atakayeshuka kaburini kumpokea, amlaze na kumfungua kamba za sanda, ni kaka yake huyu.

"Mjomba?" alisema Zuena.

Matano alilivuta shuka lililofunika jeneza, akalinyoosha mahali ambapo halikuwa limekunjamana.

"Tumzike kwanza mama yako," alisema, wala hakumtazama.